Alama ya Fizikia na Brashi ya Baba

Baba ni mchora mabango. Kila asubuhi hutandaza magazeti sebuleni na kufungua makopo ya rangi. Hapo mke wake huanza.

"Mume wangu, sebule hii ni ya wageni au ya makopo?"

"Ya wageni wanaopenda makopo."

Binti yao wa pekee wanamwita Profesa. Anataka kusomea usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha nje ya nchi. Siku hiyo aliingia na cheti mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Jiografia A, Hesabu B, Fizikia D," alisoma. "Chuo kinataka C ya Fizikia. Basi tena."

Baba alikiinua cheti kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Mwanangu, D na B ni ndugu. Ukiibana D kiunoni, inakuwa B. Nipe brashi ndogo."

"Baba!"

"Miaka ishirini nachora herufi! Hata aliyekiandika cheti hataitambua."

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yao, mwanamke aliyekuja kuazima ngazi. Yeye ni karani katika chuo kikuu cha mjini. Kazi yake ni kupokea maombi ya wanafunzi wapya.

"Jirani, weka brashi chini," alisema. "Chuo kinaweza kuliuliza baraza la mitihani moja kwa moja. Wakigundua, hata ile A hawataiamini. Anaweza kufukuzwa hata akiwa ameshaanza masomo."

Baba aliiachia brashi kama kaa la moto. Ikatumbukia kwenye chai yake.

"Sasa niambie, Profesa," karani aliendelea, "D hii ilitoka wapi? Unaweza kukiandikia chuo barua ya kuieleza."

Binti aliinamisha kichwa. "Mama alilazwa muhula wa mwisho. Nilikuwa nashinda hospitali. Halafu... Fizikia yenyewe nilikuwa naiogopa, Shangazi."

"Usiandike hivyo!" Baba alidakia. "Andika msimamizi wa mtihani alikuwa anakohoa. Andika kiti kilikuwa kinayumba!"

Karani alicheka. "Barua za viti vinavyoyumba ninazo kabati zima. Andika ukweli, kwa sentensi chache. Ambatisha barua ya hospitali. Kisha eleza umefanya nini tangu hapo. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisoma mara mbili."

"Lakini sijafanya kitu," binti alisema.

"Basi anza. Rudia mtihani wa Fizikia. Mwombe mwalimu wako wa Hesabu barua ya kukutambulisha. Na usiombe chuo kimoja tu. Kila chuo kina masharti yake. Vingine vina mwaka wa maandalizi kwa wenye alama pungufu. Waandikie uwaulize kabla ya kuomba."

Binti alijiandikisha kurudia mtihani. Miezi iliyofuata Baba alipaka rangi huku akimuuliza maswali kutoka kitabuni. Majibu hakuyajua, kwa hiyo alisema "Safi kabisa!" kwa kila jibu, mpaka Mama akamnyang'anya kitabu na kusoma majibu ya nyuma.

Matokeo yalitoka: Fizikia C. Binti aliomba vyuo vitatu. Cha kwanza kilimkataa. Cha pili hakikujibu. Cha tatu, ambacho kwa kawaida kinataka B ya Fizikia, kilimpa nafasi, aanze na mwaka wa maandalizi.

"Maandalizi?" Baba alishtuka. "Profesa anarudishwa chekechea?"

"Hapana, Baba. Nikifaulu mwaka huo, naingia usanifu wa majengo moja kwa moja. Sikiliza walivyoandika: 'Tumeiona alama yako ya kwanza, na tumeona ulivyoifanyia kazi.'"

Baba aliweka brashi chini. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Soma tena hapo," Baba alisema. "Soma kwa sauti, mwanangu. Dirisha liko wazi, na jirani yuko nyumbani."