Koni ya Mwalimu Musimbi

Gunia la Lazarus lilipasuka katikati ya soko la Kakamega, Jumamosi moja ya mvua mwaka wa sitini na tano, na koni za msonobari zikabiringika kati ya kuku na miguu ya watu. Lazarus, karani wa ofisi ya misitu, kijana mtanashati wa kaptura ya kaki iliyonyooka kwa pasi, aliinama kuziokota huku wauza kuku wakimcheka. Koni ya mwisho aliikuta mkononi mwa msichana wa gauni la manjano.

"Hii sikurudishii," alisema Musimbi, mwalimu wa shule ya msingi. "Mimi huchoranga vitu vya msituni."

"Chora, mwalimu. Lakini itakaa kwangu. Utakuwa unakuja kuichorea ofisini."

Ujanja huo! Musimbi aliutambua, akaupenda. Kila Jumamosi mvua ikinyesha, aliketi barazani pa ofisi na daftari lake na rangi za maji, akiichora koni ile iliyojifumba, gamba kwa gamba, hata gamba moja lililotafunwa na kima. Lazarus alimletea chai na maneno matamu, na picha ikawa haiendi mbele. Mapenzi yakakolea, hata wakapanga wazee wa Lazarus waende kwa kina Musimbi kuposa.

Wiki moja kabla ya posa, jua likawaka. Lazarus, kwa kuogopa koni isioze, akaianika dirishani. Musimbi alipokuja aliikuta imetanua magamba kama kuku aliyekasirika.

"Hii si yangu."

"Ndio hiyo, mpenzi. Haki ya Mungu."

"Yangu umeipoteza, ukaokota ingine! Ungesema tu. Ukinidanganya kwa koni, kwa ndoa itakuwaje? Wazee wako wasije."

Akaitupa koni mkobani mwake, akaondoka bila kugeuka. Lazarus alibaki ameshika birika. Kazi yake ilikuwa hesabu za mbao. Koni ile ilimshangaza yeye pia.

Nyumbani Musimbi alilia sana. Kwa hasira akaitumbukiza koni katika mkebe wa maji ya kuoshea brashi, akalala. Asubuhi alipoitoa, ilikuwa imejifumba. Akafungua daftari, akalinganisha. Gamba lililotafunwa, ambalo kwa hasira hakuwa hata amelitazama, lilikuwa palepale. Aibu ilimshika, na hamu ya Lazarus ikazidi aibu.

Jumatatu aliomba simu ya mwalimu mkuu.

"Hallo, Lazarus? Ni ile ile. Ikipata jua inafunguka, ikipata maji inajifunga. Nisamehe, mpenzi wangu."

Hakungoja jibu, akauliza:

"Wazee uliwaambia wasije?"

"Nilienda kuwaambia. Nikafika mlangoni, nikashindwa."

Musimbi alicheka huku machozi yakimtoka.

"Basi waje. Mama atapika obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku."

"Na firigisi nitapewa mimi?"

"Wee! Firigisi ni ya baba, mwenye nyumba. Yako utaila kwako, na nitaipika mimi."