Mgeni wa Ng'ambo ya Mfereji

Alhamisi moja ya Desemba, mwaka 2014, Khalfan na Ndirangu walitoka Al Mansoura, Doha, alasiri, kila mtu na baiskeli yake, na mfuko mmoja wa vibao vya mishale ya kuonyesha njia. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa ikiwatembeza watu kwa baiskeli kila Ijumaa, nje ya Doha, mbele kabisa ya Muaither. Kinjia chenyewe kilifuata mfereji unaopeleka maji kwenye mashamba ya majani ya mifugo. Watu walikipenda kwa sababu moja tu: hakuna gari. Mlango wa mwanzo umefungwa mnyororo, na ukishaupita ni wewe na pedali zako, maji na ndege. Waliochoshwa na honi za mjini walipaona kama peponi. Hakuna aliyefikiri kwamba pasipofika gari, haifiki na ambulansi.

Khalfan alikuwa Mpemba wa Wete, ndiye kiongozi wa msafara. Ndirangu alikuwa fundi kutoka Nyeri, mwenye mikono ambayo ukiipa gurudumu lililopinda inakurudishia jipya. Wiki iliyofuata angepanda ndege kwenda kwao, kwa mkewe Wairimu, aliyekuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza. Habari hiyo alikuwa ameiimba njia nzima, na Khalfan alikuwa amechoka kuisikia na bado ilimfurahisha.

Walitundika mishale hadi jua likagusa mchanga. Khalfan alikuwa amefunga suna ya Alhamisi, kwa hiyo walikaa ukingoni wafuturu. Alitoa tende, chapati, na maharage ya nazi katika hotipoti. Akapiga bismillahi, akala tende moja.

Hapo ndipo alipomwona mtu ng'ambo ya mfereji.

Kanzu nyeupe. Amesimama tu, anatazama chakula.

Sasa, mtu wa pwani akiwa anakula na mtu akipita, mdomo husema wenyewe. Humwaliki ashibe, ni adabu tu. Mpitaji naye anajua. Atasema ahsante, nimeshakula, na kila mtu aendelee na safari yake. Khalfan hakufikiri kwamba huyu ni Mwarabu wa watu na Kiswahili hakijui. Aliinua mkono wenye chapati.

"Karibu!" akaita.

Yule mtu akatabasamu.

"Nimekaribia."

Kwa Kiswahili... kilichonyooka kabisa. Na sauti haikutoka ng'ambo. Ilitoka pembeni yake.

Ndirangu aliruka. "Manze! Huyu amevuka na wapi? Hakuna daraja hapa!"

Mgeni alikuwa amekwisha kukaa, miguu ameikunja vizuri kama mtu aliyelelewa. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni lakini haikudondosha hata tone. Ilinuka... kama buchani, wakati wa joto, umeme umekatika. Khalfan alitaka kusimama, lakini mwenyeji hainuki kabla ya mgeni wake.

Mgeni akala. Alimaliza chapati zote. Akamaliza maharage. Kisha akautafuna mfuko uliofungia chapati, taratibu, macho kwa mwenyeji wake. Akachukua kijiko.

Krak. Krak.

"Mwenyeji," alisema, "sijashiba."

"Chakula... chakula kimekwisha, bwana wangu," Khalfan alinong'ona.

"Umenikaribisha."

Aliivuta baiskeli ya Ndirangu, akaling'oa tandiko kwa meno na kulitafuna, ngozi na springi. Ndirangu, ambaye baiskeli ile aliijenga kwa mikono yake, alisahau woga. Alimkamata bega. "Wewe mzee, wacha! Wacha hiyo kitu!"

Mgeni aliugeukia ule mkono uliomshika. Akautazama kama mtu aliyeletewa mchuzi.

Akauuma.

Ndirangu alipiga yowe ambalo Khalfan hakuwahi kulisikia kwa binadamu. Vidole viwili vilikwenda kwa mara moja. Damu ilimrukia Khalfan usoni, ya moto, na ndiyo iliyomwinua. Alichukua spana kubwa kwenye zana za Ndirangu, akampiga mgeni utosini kwa nguvu zake zote. Fuvu likabonyea. Mgeni aliendelea kutafuna. Khalfan alipiga tena, na tena, taya likapinda upande, na hilo taya lililopinda likaendelea na kazi yake. Alimchoma bisibisi shingoni mpaka mpini ukagota. Haikutoka damu. Yalitoka maji ya mfereji, na uozo wa majani.

"Khalfan! Nitoe! Nitoe, ndugu yangu!"

Kiganja kilikuwa kimekwisha. Meno yalikuwa yanapanda kwenye kifundo. Khalfan alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na yule kiumbe akaitikia amina huku kinywa kimejaa. Wahenga wametuambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia habari za mgeni huyu.

Khalfan alilia. Alimpenda Ndirangu, na alijua kwamba yeye ndiye atakayempigia Wairimu simu, na kwamba hana neno la kumwambia. Ndipo, katikati ya kilio, akaona mikono ya mgeni. Ilikuwa bado na nazi ya maharage kwenye kucha.

Hakunawishwa!

Kwao Wete, mwenyeji humnawisha mgeni. Anashika birika, anamimina, mgeni anasugua vidole. Na mgeni akishanawa, chakula kimekwisha. Hata sinia liwe limejaa pilau, mwenye adabu harudishi mkono. Na huyu, pamoja na yote, alikuwa na adabu.

Khalfan alichomoa chupa ya maji kwenye baiskeli. Akapiga magoti, jinsi mama yake alivyomfundisha.

"Bwana wangu," alisema, "nawa."

Kutafuna kukasimama.

Mgeni alimtazama, kwa huzuni hasa, kama mtoto aliyeondolewa kwenye sahani. Akauachia mkono. Akainyoosha mikono yake miwili. Khalfan alimimina mpaka tone la mwisho, na mgeni akasugua kidole kimoja kimoja.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mmenikirimu. Nanyi karibuni kwangu, nyote wawili."

Jibu lilimjia Khalfan ulimini, lile analojibu kila mwana wa watu. Inshallah, tutakuja. Aliuuma ulimi mpaka akaonja chumvi. Alikaza meno.

Chini pale, kwenye damu yake mwenyewe, macho yamefumba, Ndirangu aliyelelewa vizuri na mama mcha Mungu alifungua kinywa.

"Asante, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Tutakuja."

Mgeni akainama kidogo, na hakuwapo tena. Maji ya mfereji yakafanya duara moja... yakatulia.

Khalfan alikifunga kigutu cha mkono kwa tyubu ya baiskeli, akakikaza mpaka damu ikakoma. Alimlaza Ndirangu juu ya baiskeli iliyobaki nzima, kifua kwenye usukani, akaisukuma kinjia kizima akimwita jina ili asilale. Hakuna gari. Hakuna mtu. Mara mbili alisikia maji yakitembea sambamba nao, na mara zote mbili hakugeuka.

Augustine, mlinzi Mganda wa pale mlangoni, alitoka na tochi. Aliwatazama, akaona ule mkono. Hakuuliza ni mbwa au ni mashine. Alisema, "Nyinyi mulikuwa munakula?"

Khalfan alitikisa kichwa kuitikia.

"Mimi nakulaga ndani ya kibanda, na mlango nafunga," Augustine alisema, akaenda kuita ambulansi. Zaidi ya hapo hakusema, hata walipombembeleza siku za baadaye.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Khalfan alimpigia Wairimu mwenyewe, na alilia kwa furaha kumwambia kuwa ni mkono tu, mumewe yu hai. Safari iliahirishwa. Jeraha lilifunga vizuri, daktari akalisifu. Kitu kimoja ndicho kilichowashinda: Ndirangu hali chakula. Walimwekea dripu, akaichomoa. Mashavu yakaingia ndani. Ila uso ulikuwa na furaha, furaha ya mtu mwenye shughuli mbele yake.

Jioni moja Khalfan alimletea uji wa mtama ambao unga wake aliutafuta mji mzima. Akaupoza, akanyanyua kijiko hadi mdomoni mwa rafiki yake.

Ndirangu aliusukuma kwa upole, kwa mkono uliobaki. Alimvuta Khalfan karibu. Pumzi yake ilinuka majani mabichi.

"Toa hiyo, buda," alinong'ona. "Mtu akialikwa, anaenda na njaa. Ukifika kwa watu umeshiba, si hiyo ni madharau? Na nilimwambia tutakuja, mimi na wewe."

Khalfan alilitazama bakuli. Uji ulikuwa mtamu, aliuonja mwenyewe alipoupika, na aliutema. Tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni, wala hakuwa amejiuliza kwa nini.