Ombi Lililopita Mzanini

Stendi ya Mbulu, siku ya mnada, msichana mwenye sweta la kijani alikuwa akigombana na kondakta.

"Kaka, hii ni kompyuta, si kuku! Haipandi juu ya basi."

"Niipakate mimi," alidakia Philemon, fundi kompyuta, tai shingoni, vumbi viatuni.

"Uipakate kompyuta?"

"Na mwenyewe."

"Una adabu wewe? Wazee wanakusikia!" Lakini alicheka, na Philemon akaisha.

Msichana huyo, Letisia, alikuwa karani wa mzani katika shamba la ngano la serikali huko Hanang. Kompyuta yake, iliyochapa tiketi za mzani, iliunganishwa kwa waya wa simu na ile ya Philemon katika ofisi ya shamba mjini Mbulu. Mwenye neno la siri aliweza kuiamrisha kutoka mbali kana kwamba ameketi mbele yake. Neno hilo alilijua Letisia peke yake. Hata mwezi haukuisha, akampa Philemon.

Basi mavuno yalipoanza, dereva Gidabuday akapokea tiketi ya mzani iliyosomeka: "Ngano tani saba. Letisia, sweta lako litaniua."

"Dada, na hili sweta nalo nilipeleke ghalani?"

Letisia akapiga simu Mbulu. "Mwehu wewe, utanifukuzisha kazi!"

"Niache?"

"Kesho chapa fupi."

Kisha meneja wa shamba, akitaka kupima usalama, akamwagiza Philemon ajaribu kuiingilia kompyuta ya mzani kama mwizi, aeleze alivyopita. Philemon, kijana mkweli kupita kiasi na mwenye akili pungufu kwa kiasi hichohicho, aliandika: "Niliingia. Neno la siri nilipewa na mtu wa ndani." Jina hakutaja, akajiona muungwana. Alisahau kwamba mtu wa ndani alikuwa mmoja tu.

Letisia alifukuzwa Ijumaa. Akapiga simu.

"Ungeandika umeshindwa."

"Ungekuwa uongo, mpenzi."

"Ulikuwa unanipenda au unanijaribu?"

"Nilikupenda kabla ya jaribio!"

"Mbona hilo hukuliandika?"

Simu ikakatwa.

Neno la siri halikubadilishwa. Aliyejua kulibadilisha ndiye aliyefukuzwa. Philemon akaingia tena, akachapa: "Letisia, nisamehe. Kubali nikuoe." Gidabuday, mtu wa huruma, akaichukua tiketi hiyo hadi soko la Mbulu, ambako Letisia sasa aliuza karanga.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Philemon akatokea, shati limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Karibu, mteja."

"Leti, tiketi uliipata?"

Letisia alimpimia karanga, akamkabidhi zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, kisha akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake.

Philemon alizila zote akiwa amesimama, moja moja, akingoja jibu. Zilipokwisha, akaikunjua karatasi. Lilikuwa ombi lake. Chini yake, kwa biro, mwandiko uleule uliokuwa ukiwarudisha madereva wenye ngano mbichi:

"Mzigo umepimwa. Umekataliwa."