Kitanda cha Shangazi Aliyekosa Meli

Wako wengi wanaoisimulia habari hii, na wote wanaiharibu, kwa sababu wakifika katikati wanaanza kukohoa na kukumbuka safari za chooni. Hapa hakukohoi mtu. Kaeni vizuri.

Meli ilikuwa kubwa, tena si masihara. Ukipiga chafya mbele, wa nyuma wanafuta uso kesho yake. Vyumba vyake hata nahodha hajavimaliza kuvihesabu, na kwenye ghorofa ya saba kulikuwa na viwili visivyo na dirisha, vimeunganishwa kwa mlango wa kati kama mapacha walioshikana ubavu. Mtandika vitanda wa huko walimwita Mashuka. Huyo bwana alikuwa akivuta shuka, nzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Miaka kumi na miwili kazini, msimamizi hajamwandikia kosa hata moja, na yeye mwenyewe alikuwa haachi kukukumbusha.

Vyumba hivyo viwili ilipewa familia moja. Baba na mama walilala cha kwanza, kwenye kitanda kikubwa. Cha pili alilala bibi mzaa baba kwenye kitanda cha chini, na mjukuu wake wa miaka sita, Kipusa, kwenye kochi la kukunjua. Mdomo wa Kipusa ulikuwa mrefu kuliko meli. Juu ya kochi kulikuwa na kitanda cha ukutani: jioni kinateremshwa na kuwekewa ngazi, asubuhi kinasukumwa juu kinamezwa na ukuta, godoro, mto na blanketi lake, halafu kinafungwa kwa ufunguo. Hicho kilikuwa cha Shangazi. Shangazi mwenyewe aliteguka mguu bandarini, akigombana na mchukuzi wa mizigo, akaachwa anatukana.

Ila kwenye karatasi ya Mashuka, Shangazi alikuwemo.

"Kaka, hicho cha juu kiache tu," mama alimwambia jioni ya kwanza. "Mwenyewe hayupo, na chumba chenyewe hiki mpaka tupumue kwa zamu."

"Dada, karatasi inasema watano. Msimamizi akikuta pametandikwa pa watu wanne, mimi nitalala na samaki."

"Sasa unamtandikia nani?"

"Naitandikia karatasi."

Wakacheka, hata Bibi aliyekuwa hacheki ovyo. Mashuka akakiteremsha, akanyoosha shuka, akaipindua pembe ya blanketi kama ya mtu aliye tayari kuingia. Kisha, maana mdomo ulishazoea, akaupigapiga mto na kukiambia kitanda kile maneno anayowaambia wageni wake wote:

"Karibu. Ulale salama."

Asubuhi alikuta mto umebonyea.

"Wewe Kipusa, ulipanda juu?"

"Mimi? Nilale juu nikuangukie wewe?" Mtoto alikuwa anavaa viatu kinyume. "Si mimi bwana. Ni mwenye kitanda."

"Mwenye kitanda kabaki bandarini."

"Yule sio. Huyu mwingine."

Bibi akamkaripia aache upuuzi. Mashuka akapeleka mkono kwenye shuka, akautoa haraka. Palikuwa na joto. Si joto la chumba. Joto la mgongo, la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na palinuka nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika sandukuni. Mtu mwenye akili angepiga kelele. Mashuka akabadilisha shuka. Jioni akatandika tena, kwa sababu karatasi ilisema watano.

Siku ya tatu, alipokuwa anakisukuma kitanda kiingie ukutani, alisikia kitu kule ndani kinageuka upande, taratibu, kama mtu anayekwepa mwanga, halafu kikashusha pumzi. Alifunga ufunguo, akabaki ameegemea ukuta na jasho linamtoka kama mfereji.

"Mwanangu," Bibi akanong'ona kutoka kitandani kwake, "na wewe umesikia?"

"Bawaba hizo, Bibi. Zinataka mafuta."

"Bawaba hazipumui."

"Naomba usimwambie mtu. Kazi yangu, Bibi."

"Leo jioni usitandike."

Akaitikia. Na jioni msimamizi akapita na karatasi yake, akasimama mlangoni akihesabu kwa kalamu, na Mashuka akatandika.

Siku ya nne bahari ikachafuka. Mawimbi yalikuwa makubwa, meli ikipanda moja unakuta umezeeka kabla ya kushuka. Nahodha akatangaza kwenye spika kwamba kila abiria abaki chumbani mwake na milango ifungwe. Mashuka aliingia chumba cha pili asubuhi hiyo akijigonga huku na huku. Bibi alikuwa bafuni anatapika. Kitanda cha juu kilikuwa wazi, blanketi limevimba katikati, limejikusanya, na limetulia. Lilikuwa linapumua.

Kosa lake lilikuwa hapo. Mtu aliyezunguka bahari zote miaka kumi na miwili alishindwa kufunua blanketi moja. Alifumba macho, akaweka bega, akasukuma, kikawa kizito, akasukuma tena mpaka ukuta ukakimeza, akazungusha ufunguo akauchomoa. Alipofumbua macho, Kipusa alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono mapajani, anamtazama.

"Umefanya vizuri," akasema mtoto.

Ndani ya ukuta, sauti ileile ya Kipusa, ndogo, imezibwa na godoro, ikasema, "Bibi. Mbona giza?"

Bibi alitoka bafuni na taulo mdomoni, akasimama. Akamtazama mjukuu aliye kwenye kochi, akautazama ukuta, taulo likamdondoka. "Mungu wangu. Mwanangu, nani yuko humo?"

"Sijui, Bibi."

"Si ndiye wewe umefunga?"

"Nilifumba macho."

Baba na mama wakaja mbio kupitia mlango wa kati. Mama, kabla hajauliza, alimvaa yule wa kwenye kochi na kumkumbatia, na hapohapo akashtuka, kwa maana mwili ulikuwa wa baridi kama chuma cha kitasa. Lakini hakuachia. Mama gani ataachia?

"Mama, msikifungue," akanong'ona yule wa kifuani. "Limo humo. Limeiga sauti yangu."

"Mama!" ukuta ukagongwa kwa viganja. "Shangazi kaniita huku juu halafu simwoni! Siwezi kuvuta pumzi!"

"Usifungue!" Mama alikuwa analia bila sauti. "Kaka, ukigusa huo ufunguo nakuua."

"Tukaite mtu," baba akasema, akaukimbilia mlango wa nje. Kitasa kikageuka, kikageuka, kikageuka kama kijiko kwenye uji, mlango ukabaki pale pale. Akapiga kelele, na kelele zikarudi zikamkaa yeye mwenyewe masikioni, kwa sababu huko nje bahari ilikuwa inapiga kelele kuliko watu elfu.

Viganja vya ukutani vikaanza kulegea. Vikagonga mara tatu, vikagonga mara mbili, na Mashuka akasimama katikati na ufunguo umemlowa mkononi, huku anajua kwamba akifungua na ndilo lenyewe limo humo basi amelitolea watu wanne waliofungiwa chumba kisicho na dirisha, na asipofungua na ni mtoto basi amemzika kwa mikono yake mwenyewe, kwenye shuka aliyoinyoosha yeye, na viganja vikagonga mara moja, na wakati huohuo meli ikapanda wimbi lililokuwa baba wa mawimbi yote ikalala ubavu, Bibi akadaka kitanda, baba akabamizwa mlangoni, mama akamwachia mtoto akabingirika mpaka miguuni mwa kabati, masanduku yakahama, taulo likahama, na yule mtoto kwenye kochi hakuhama. Alikaa wima kama msumari. Hata nywele zake zilining'inia kuelekea sakafuni pale palipokuwa na sakafu mwanzo, si palipokuwa sasa.

Mashuka alijirusha ukutani akafungua.

Kitanda kikashuka kwa kishindo. Kipusa akaporomoka mikononi mwake, midomo ya bluu, kucha zimechubuka. Bibi akamnyang'anya, akampiga mgongoni mara mbili, na mtoto akavuta pumzi moja ndefu, ya kelele, akaanza kulia. Mama akamrukia. Sasa alikuwa na joto.

Yule wa kwenye kochi aliangalia yote hayo bila chuki. Alikuwa kama mgeni aliyecheleweshewa taulo.

"Basi nitalala wapi?" akauliza.

Mama akamsogeza Kipusa karibu na Bibi.

"Nilikuwa nazunguka tu. Mlinitandikia. Jioni tatu mlinitandikia, mkaniambia karibu." Akaanza kuangalia vitanda kimoja kimoja, cha Bibi, kochi, na kwa mlango wa kati kile kikubwa. "Nitachukua chochote. Ila mwenyewe itabidi anipishe."

Macho yakatua kwa Kipusa.

"Wee!" Bibi akamfunika mjukuu kwa kanga na mwili wake wote. "Nichukue mimi mzee."

"Wewe umebakiza siku chache. Nataka kulala."

"Hawakukukaribisha hawa," akasema Mashuka. Sauti ilimtoka nyembamba, si ile ya kujisifu. "Mimi ndiye niliyekutandikia. Ninacho changu, chini kabisa, ghorofa ya wafanyakazi. Waache. Nenda kalale kwangu."

"Mwanangu, usi..." Bibi akaanza.

"Kina pazia?" kikauliza kile kitu.

"Kina pazia."

Kikatabasamu kwa meno ya Kipusa, likiwemo pengo lake la mbele. Kikatoka kwa mlango uleule uliomshinda baba, na harufu ya nguo mbichi ikakifuata kama mbwa. Meli ikatulia kidogo. Bibi akamshika Mashuka mkono, akautazama sana.

Mashuka alishuka huko chini saa nane mchana huohuo, wakati wa mapumziko yake, maana msimamizi hakubali mtu alale kwenye ngazi. Alikuwa ameshajaribu kujilaza huko, akafukuzwa. Chini ya usawa wa maji mchana hauna kazi. Taa ya ukutani, mabomba, ngurumo ya injini. Mwenzake wa chumba alikuwa zamu. Mlango ukajifunga nyuma yake bila kuguswa. Pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa, na kwa ndani kitu kilikuwa kinaupigapiga mto taratibu, vizuri, kwa ufundi.

Pazia likafunguka kiasi cha mtu kupita.

"Panda," ikasema sauti, na safari hii ilikuwa ya Mashuka mwenyewe. "Nimekuachia upande wa ukutani."