Kinanda cha Veena Kilichonyamaza

Kila Jumamosi, nikishaanika mahindi na kufua sare, nilikimbilia duka la kompyuta la Bwana Nanda, hapa Kitale mjini. Binti yake, Veena, tulisoma naye darasa la sita. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta, spika mbili na kinanda chembamba cheusi. Veena alifungua programu ya muziki, mimi nikabonyeza: hapa ngoma, pale zumari. Tulikuwa tumetunga wimbo wa Siku ya Wazazi, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi hiyo nilimwomba kinanda nikafanye mazoezi nyumbani. Ukweli ni kwamba nilitaka majirani wanione.

Veena aliingia chumba cha nyuma, akakileta kimefungwa kitambaa. "Chukua. Lakini ngoja nikwambie, Sellah, hicho peke yake..."

"Najua, bana! Si ninakipiga kila wiki?"

Hiyo ndiyo tabia yangu, na siifichi: najua kila kitu kabla sijaambiwa.

Nyumbani niliwakusanya watu. Mama Wakoli, jirani yetu, aliacha hata maharagwe yake jikoni. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya! Nikakigeuza nitafute mahali pa betri, hapakuwepo.

"Ati hicho ni kinanda ama ni ubao wa kukatia sukuma wiki?" Mama Wakoli akauliza. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Loo, niliona haya!

Hapo shaka ikaniingia. Mbona Veena alikifunga kitambaa? Mbona alikwenda kukichukua peke yake? Na mbona alikubali upesi hivyo? Kumbe kile kizima kilibaki dukani, mimi nikapewa kibovu ili nichekwe! Kufikia jioni haikuwa shaka tena. Niliamini kabisa.

Jumatatu nililitangazia darasa zima: "Veena amenibadilishia kinanda. Ni mwizi huyo!"

Jotham, aliyeketi karibu naye, akafunika kalamu zake kwa mkono. Wengine nao wakafunika zao. Veena aliinamia dawati akalia. "Ijumaa utapiga peke yako," akaniambia.

Mwalimu Jepkoech, aliyetufundisha muziki, akatuita.

"Sellah, ulimuuliza mwenzako?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini ushahidi ninao."

"Haya. Twende tukauone."

Saa ya chakula cha mchana tulipitia kwetu kuchukua kinanda, kisha akatupeleka dukani. Nilikitafuta kile kizima kwa macho: juu ya rafu, chini ya meza. Hapakuwa na kinanda kingine. Palikuwa na waya tu, ukining'inia nyuma ya kompyuta. Bwana Nanda aliuchomeka kwenye kinanda changu kibovu, taa nyekundu ikawaka.

"Bonyeza, binti yangu."

Ngoma zikalia. Moyo ukanidunda kuliko ngoma zenyewe.

"Hiki hakina sauti yake," Bwana Nanda akaeleza. "Sauti zote zimo ndani ya kompyuta. Kinanda kinaiambia tu: piga hii, piga ile."

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza Veena.

"Nilianza kukwambia."

Nililia, lakini Mwalimu Jepkoech hakubembeleza mtu. "Machozi ya hapa hayatoshi. Jina la mwenzako uliliharibu mbele ya darasa, utalitengeneza mbele ya darasa hilo hilo. Swali moja tu Jumamosi lingetosha, Sellah. Anayehukumu kabla ya kuuliza hujitungia uongo, kisha huuamini mwenyewe."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa. Nilisema yote, hata ule ubao wa sukuma wiki. "Veena si mwizi. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nisamehe, Veena." Jotham akachukua kalamu moja, akaisogeza mbele ya Veena.

"Ijumaa utakuja?" nikamwuliza Veena.

Alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nikishukiwa, na nilistahili.

"Nitakuja," akasema. "Lakini waya nitaubeba mwenyewe. Na kabla hatujaanza, nitakueleza unavyochomekwa."

Neno "najua" lilinifika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Nieleze," nikasema.