Safu Tano za Migomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Ruguru alishika panga na kukata majani makavu ya migomba ya baba yake huko Mitunguu. Kila alipomaliza mgomba mmoja alitakiwa kupitisha panga motoni, lisieneze ugonjwa, ndipo aguse mwingine. Lakini moto ulikuwa jikoni, kengele ya shule haikumngoja mtu, na Ruguru alikuwa msichana wa haraka. Alikata tu, akaenda zake.

Shambani hapakuwa na kitu kingine ila ndizi. Baba yake, Mzee Mugambi, aling'oa mahindi, maharagwe meusi ya njahi na viazi vitamu mwaka ule bei ya ndizi ilipopanda. Hata sukuma wiki walinunua sokoni.

Jumatatu moja Ruguru aliona jani bichi limelegea kama lililomwagiwa maji moto. Akakumbuka panga ambalo hakulipitisha motoni. Alilikata, akalificha chini ya majani makavu, akaendelea na kazi kwa panga lilelile. Wiki tatu baadaye migomba minne ilikuwa imenyauka. Kila kulipokucha aliogopa kutazama nje, na bado hakusema neno.

Baba akamwita Eunice, afisa wa kilimo. Eunice alikata shina, wote wakatazama usaha wa manjano ukitoka polepole.

"Ni mnyauko," alisema. "Hauna dawa, na husafiri na panga. Tusipojua panga limepita wapi, mzee, itabidi tung'oe shamba lote."

Mama aliketi chini palepale. "Lote? Na watoto watakula nini?"

Ruguru akasogea mbele.

"Ni mimi," alisema. "Sikupitisha panga motoni. Nilikata safu tano, kuanzia mfereji ulio chini ya shamba. Zile za juu sijazigusa."

"Wiki tatu umenyamaza?" baba aliuliza kwa hasira.

"Niliogopa, Baba."

Waling'oa safu tano, wakazifukia. Safu tisa za juu zilipona. Mahali palipobaki wazi wakapanda njahi, mahindi na viazi vitamu.

Eunice alirudi wakati wa kuvuna njahi. "Ungesema siku ile ya kwanza, Ruguru, tungeng'oa mgomba mmoja," alisema. "Lakini ukweli wako ndio uliookoa hizo tisa." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, mzee, ulitegemea zao moja lilishe nyumba nzima."

Mzee Mugambi alimsogezea Ruguru ungo wa njahi alizokuwa akipukuchua.

"Nilimkasirikia mtoto," alisema, "na mimi ndiye niliyeliacha shamba bila chakula."