Hereni Namba Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Pacha alikuwa akihesabu kondoo. Walikuwa arobaini katika zizi la karantini nyuma ya nyumba, wakingoja meli ya kwenda ng'ambo. Kila mmoja alivaa hereni ya plastiki ya njano sikioni, yenye namba yake. Walikuwa wamechanjwa na kupimwa damu. Kwa siku ishirini na moja hakuna kondoo aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka.

Nyasi zao kavu zililetwa na wifi yake, dada wa mumewe, kwa mkokoteni wa punda.

"Wifi, kondoo hawa wanamshinda kaka yangu kwa kula!"

"Afadhali wao wananenepa," alijibu Mama Pacha. "Kaka yako namlisha mwaka wa kumi huu, na mbavu zote bado naziona."

Walicheka mpaka punda akageuza shingo kuwatazama.

Siku ya kumi na tisa, kondoo mmoja hakusimama. Alilala kando ya ndoo ya maji, tumbo limejaa kama ngoma. Alikuwa namba kumi na saba, naye alikuwa amekufa.

"Tumwite daktari wa mifugo," alisema Mama Pacha.

Mumewe alichungulia barabarani kwanza. "Ukimwita, atawazuia wote. Meli inaondoka keshokutwa. Unadhani itatungoja sisi?"

"Lakini tuliambiwa..."

"Mke wangu, kondoo ni kondoo. Huko ng'ambo nani anamjua kwa sura?"

Katika zizi dogo la nyumbani palikuwa na kondoo wa rangi ileile. Walimnunua mnadani wiki iliyotangulia, na alikuwa hajachanjwa. Pua yake ilikuwa na kamasi kidogo. Baba Pacha aliikata hereni ya marehemu kwa kisu cha moto, akaifunga katika sikio la huyu kwa waya mwembamba. Mama Pacha ndiye aliyeshika sikio. Kisha, bila kuambiwa, akamfuta pua kwa kitambaa.

Wiki tatu baadaye habari zikafika. Katika bandari ya ng'ambo kondoo walipimwa tena, wakakutwa na sotoka, ugonjwa unaoua kondoo na mbuzi wengi kwa haraka. Nchi ile ilifunga mlango. Haikuwafungia Baba na Mama Pacha peke yao. Ilikataa mifugo yote iliyotoka upande huu.

Mwanzoni watu walifurahi, maana nyama ilishuka bei. Furaha hiyo haikudumu. Kondoo walionenepeshwa kwa ajili ya meli walijazana mnadani, wakakosa wanunuzi, na kila siku walitaka kula. Wafugaji wakauza kwa bei ya kutupa, wakaacha kununua wengine. Malori yakalala. Wapakiaji wakashinda kivulini, mikono mapajani. Nyasi za wifi zikaoza uani, hatimaye akamuuza punda.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema siku hiyo, akiikunja kamba ya punda. "Ningemjua huyo samaki, wifi, ningemuuliza swali moja tu: mimi nilimkosea nini?"

Mama Pacha akashika ncha ya pili ya kamba, akamsaidia kuikunja.

Siku chache baadaye daktari wa mifugo aliita mkutano kwenye banda la mizani la mnadani. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye viatu vya mpira vilivyojaa matope. Aliinua simu yake. Katika picha palionekana sikio, hereni namba kumi na saba, na waya.

"Mnunuzi wa ng'ambo hakujui wewe, baba," alimweleza Baba Pacha. "Haoni zizi lako. Anachokiona ni namba. Namba ikisema huyu amechanjwa, naye anaumwa, basi kwake namba zetu zote ni uongo. Atanunua kwingine."

"Waya huo utakuwa umefungwa melini," alisema Baba Pacha.

Wifi alikuwa amekaa mbele. Mama Pacha aliitazama mikono ya wifi yake, ambayo sasa haikuwa na kamba ya punda. Akasimama.

"Si melini. Ni kwetu. Mimi ndiye niliyeshika sikio."

Daktari akamuuliza yule wa kwanza alikufaje. Mama Pacha alieleza lile tumbo lililojaa kama ngoma.

Daktari alishusha pumzi. "Huenda ilikuwa gesi tu, mama. Mngeniita, ningempasua, nikaona, nikaandika. Pengine thelathini na tisa wangepanda meli, na leo tusingekuwa hapa."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi yaliyofuata. Wifi hakutukana. Alisema neno moja tu, "Punda wangu," akajifunga kitambaa chake kichwani, akatoka. Mwezi huohuo alihamia mji mwingine kufua nguo za watu.

Kikundi cha wafugaji kilijiwekea utaratibu. Kila zizi likawa na daftari la vifo. Kondoo mgeni kutoka mnadani akawa anakaa mbali na wenzake, achanjwe kwanza. Na kondoo akifa, daktari anaitwa kabla hajaguswa. Daktari alituma taarifa hizo ng'ambo mwezi baada ya mwezi. Mlango ulichukua miezi kumi na moja kufunguka, tena nusu tu.

Katika kundi la kwanza, mmoja wa kondoo arobaini wa Mama Pacha alikufa. Wakatazamana yeye na mumewe.

"Mpigie daktari," alisema Baba Pacha, sauti ya chini. "Mimi nitakaa naye hapa."

Daktari alikuja, akampasua, akaandika. Ilikuwa tumbo tu. Meli ilichukua thelathini na tisa, na ng'ambo wakapokelewa wote.

Siku ile habari ilipofika, Mama Pacha alimpigia wifi yake simu.

"Wifi, mlango umefunguka. Wamewapokea. Rudi, tunahitaji nyasi."

"Nimefurahi, wifi. Kweli nimefurahi. Lakini nyasi nitazibeba kwa kichwa? Aliyemnunua punda wangu hauzi. Nilishamuuliza."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Usiniharakishe." Kisha, kama mtu anayejilazimisha kidogo, akauliza: "Na kaka yangu? Mbavu bado zinaonekana?"

"Zote."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika kabla ya kukolea. Mama Pacha akaweka simu, akatoka nje. Pale mkokoteni ulipokuwa ukisimama, majani yalikuwa yameota. Akapita kando yake asiyakanyage, akaenda zizini kuhesabu.